Shela la Friji

Mpenzi mdogo wangu, Mama Pacha,

Pokea salamu zangu nyingi, ingawa zitakufikia zimelowa jasho. Hujambo wewe? Shemeji mgongo wake unaendeleaje? Na hao pacha, bado wanagombania kitanda kimoja huku kingine kiko kitupu? Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia, na sababu utaiona mbele. Barua hii nimeianza mezani, nikahamia mlangoni, sasa nimeketi nje ubavuni mwa nyumba, na huenda nikaimalizia nimesimama. Mwandiko ukiyumba usiseme nimezeeka.

Kwanza nikupe habari za binti yetu. Mdogo wangu, nimemwona Injinia wangu kazini kwa macho yangu haya! Barabara inachongwa kwenye vumbi tupu, na wanaume wazima wenye ndevu zao wanamngoja yeye anyanyue mkono ndipo wamwage kokoto. Nilimwambia dereva wa greda, jirani yetu hapa kambini, kwamba huyo unayemwona nimemzaa mimi. Akasema anajua, nilimwambia jana, na juzi pia nilimwambia. Mtu wa masihara sana yule.

Injinia anakaa kwenye karavani, yaani nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari. Barabara ikisogea mbele, na nyumba inasogea. Usicheke. Ina kitanda, jiko, sinki, na friji linalotumia gesi. Ndiyo, gesi! Moto mdogo unawaka kwa nyuma, ndani kunakuwa baridi. Alinieleza inavyokuwa vizuri kabisa, nami nikaitikia vizuri kabisa, na sikuelewa kitu. Siku niliyofika alinionyesha pia kiboksi cheupe ndani ya friji, nyuma ya mboga, akasema ni dawa za kupimia udongo, mali ya kazini, nisikiguse. Nikazidi kuvimba kichwa. Mtoto gani mwingine kwetu amewahi kulaza kazi yake kwenye friji?

Shida ilianzia kwenye mikono yangu. Unanijua, haikai bure. Yeye asubuhi anatoka, mimi nabaki na joto. Nafagia, vumbi linarudi. Nafuta, linarudi. Najilaza, nageuza mto, nao unachoma pande zote mbili. Nikaanza kuizunguka nyumba kwa nje nitafute vumbi linapopenyea, ndipo nikaona ukutani, nyuma ya lile friji, matundu mawili yenye vyuma vya mbavumbavu, moja chini na jingine juu. Nikasema, ehee, ni hapa! Vumbi linaingilia hapa, mijusi inaingilia hapa, na jua lote hili linaingia hapa kumharibia mwanangu friji. Nikatoa uzi wangu wa kroshia, nikafuma vitambaa viwili vya maua, nikavitia na bitana nzito kwa ndani, nikavifunga vikakaa kama vimezaliwa pale. Dereva wa greda alipopita akauliza kama friji linaolewa, mbona limevishwa shela. Nikamjibu kuwa ni wivu tu, greda lake halina hata cha kufunika kiti. Injinia mwenyewe hakuviona, maana hurudi giza limeshaingia.

Maziwa yakakatika. Nikamlaumu mwenye duka. Siagi ikawa mafuta, nikamlaumu tena, safari hii kwa kumfuata hukohuko dukani kwake, watu wakajaa. Nyama ikaanza kunuka. Nikalishindilia friji chupa za maji mpaka mlango ukagoma, nikidhani wingi wa vitu ndio utaleta baridi. Injinia sikumwambia. Nani anataka mwanawe ajue kwamba mama amesafiri kote huko kuja kuozesha nyama?

Leo mchana karudi ghafla. Kafungua friji, na nyama wala hakuitazama. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja nyuma ya mboga, akakitoa kile kiboksi, akakigusisha shavuni, na uso ukambadilika. Akatoka mbio. Nikamfuata nikimweleza habari za maua niliyofuma. Aliving'oa vitambaa vyangu kwa mikono miwili, na hewa ikatoka ukutani kama mtu amefungua tanuri. Akanipigia kelele, mdogo wangu. Yeye, ambaye hajanipandishia sauti tangu nilipokuwa namnyonyesha! Akasema joto la ule moto wa nyuma linatokea tundu la juu, na hewa nyingine inaingilia tundu la chini. Ukiziba, friji halipoi, linapika. Tena siku za jua kama hizi ndiyo kabisa, hata nyumba inatakiwa igeuzwe upande huo ukae kivulini. Nikamwambia basi mwanangu, ni maziwa na nyama tu, na hizo dawa za udongo si watakupa nyingine? Hapo akakaa chini kwenye vumbi, na nguo zake za kazi.

Akasema si dawa za udongo. Ni insulini. Ana kisukari, kile cha kujichoma sindano kila siku, tangu akiwa chuoni. Dawa hiyo ikipata joto inakufa, na kwa kuitazama huwezi kujua kama bado iko hai. Ile anayotembea nayo imemwishia leo, ndipo akarudi kuchukua ya akiba. Nikamuuliza imekuwaje mimi mama yake nisijue. Akasema taratibu kwamba kila akija nyumbani ananikuta kibarazani nawaambia watu mwanangu hajui hata mlango wa hospitali umeelekea wapi, naye akaona vigumu kunikatiza.

Kunikatiza! Hakuogopa ugonjwa. Aliogopa kuniaibisha mbele za watu. Na dereva wa greda alikuwa anajua, kambi nzima inajua, maana lazima wajue asije akaanguka kazini. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nawapitia na majigambo yangu, nao wanatabasamu.

Dereva aligeuza karavani kwanza, ubavu wa friji ukakaa kivulini, kisha akampeleka mjini kutafuta dawa nyingine. Sikuruhusiwa kwenda. Kazi niliyoachiwa ni kupunguza zile chupa ili hewa ipite katikati ya vitu, na kuuacha mlango umefungwa. Nimemaliza. Ndiyo maana nakuandikia, maana nisipoandika nitalifuata gari kwa miguu. Kila mstari mmoja nainuka, naweka kiganja kwenye tundu la juu, nahisi joto linatoka, nakaa tena. Vumbi lolote njiani nadhani ni wao.

Naendelea. Wamerudi! Jua bado lipo. Dawa imekuja kwenye chombo cha barafu, na itakaa humo mpaka friji lipoe. Nilimwomba nione anavyofanya. Akasita, kisha akainua shati, akabana ngozi ya tumbo, akachoma. Mimi nilikuwa nimeshika meza. Yeye alikuwa ananiuliza jioni tutakula nini.

Vile vitambaa nimevifua, nakutumia utandike juu ya televisheni yako, lakini kwa nyuma paache papumue.

Na nina kazi moja nakupa. Wale wote niliowaambia habari za mlango wa hospitali unawajua: shangazi, wenzetu wa kikundi, yule fundi cherehani mwenye masikio marefu. Wapitie mmoja mmoja. Waambie nimesema binti yangu ana kisukari, na barabara anajenga. Waambie anajichoma mwenyewe na mkono hautetemeki hata kidogo. Hapo pa mkono usipapite haraka. Nataka wasikie vizuri.

Nibusie pacha, mpe shemeji pole ya mgongo, na wewe ujitunze.

Ni mimi dada yako,
Mama Injinia