Turubai la Maharage

Baba Aline,

Nimeenda Kasulu kwenye kongamano la kwaya, tunalala kwenye mahema mpaka Jumapili. Ugali umo kwenye hotpoti. Dagaa ~~msiwaguse~~ haya, kuleni tu. Aline asisahau kuwafungia mbuzi.

Asubuhi umenicheka mbele ya watoto, eti nabeba gambuti na mwavuli kiangazi hiki. Ukasema simu yako imeonyesha jua wiki nzima, na mvua ikinyesha utavaa kitenge changu uende nacho kanisani.

Sawa, mzee wa simu, nimekuamini. Hema letu linavuja, kwa hiyo lile turubai la kufunikia maharage uliyoanika uani nimeondoka nalo.

Kuna wingu jeusi upande wa Kakonko. Kitenge kiko kitandani, nimeshakipiga pasi.

Mama Aline