Kila Fundi Ananiambia Nishuke

Jumamosi, mangaribi. Mvua ya leo imeacha matope mpaka ku mulango, viatu yangu iko nje, na mimi niko na hasira yenye sijui niiweke wapi.

Ni juu ya hii gari.

Tangu juma iliyopita, nikikanyaga mafuta, inatetemeka. Hapana ile kutetemeka ya barabara zetu, ile tumekwisha kuzoea. Hii inatoka chini ya miguu, inapanda mu kiti, inafika mpaka mu meno. Nikiachia, inatulia. Nikikanyaga, inaanza tena. Siku zingine ningeiacha tu, nimekwisha kuendesha na mabaya kupita hiyo. Lakini maman yangu alipasuliwa nyonga ku hospitali ya Katana, na leo ndiyo siku walisema nikamuchukue. Daktari alinieleza vizuri: muzee asitikiswe njiani, mufupa bado haujashikana.

Sasa ningemuleta maman mu kitu yenye inatetemeka vile?

Wa kwanza alikuwa shemeki Murhula, bwana ya dada yangu. Akasema ni buji, vile vidude vya kuwasha mafuta mu moteri. Akaniambia nishuke kwanza asikie vizuri. Nikashuka. Akazunguka peke yake, akarudi anacheka, eti iko bien, haina kitu. Buji akazibadilisha hata hivyo. Kesho yake, ileile.

Kisha tonton, ule muzee jirani yetu, yeye aliendesha kamyo maisha yake yote. Akasema: hapana, mwanangu, ni mipira haina uzito sawa. Tukaenda kuipimisha, wakagonga vile vipande vya risasi ku ringi. Na yeye pia: Nsimire, shuka kidogo. Nikashuka mu mvua, sakoshi yangu ya mukono juu ya kichwa. Tonton akarudi, hakusikia kitu.

Fundi Bisimwa wa kule Kadutu ndiye alinimaliza kabisa. Nikashuka tena, bila hata kungoja aniambie. Akateremuka na gari, akarudi, akapangusa mikono pole pole na kitambaa. "Maman, gari haina shida. Pengine ni mawazo, juu uko na mugonjwa."

Mawazo!

Nilisikia damu inachemuka. Ningekuwa mwanaume, angekuwa amekwisha kulala chini ya ile gari zamani, anatafuta shida.

Alhamisi, kutoka ku mazoezi ya korali, kule tunaimbia misa, wamaman wakaniomba niwapandishe kwao Muhungu. Wakajaa nyuma, wamebanana, na Maman Noëlla mbele na kikapo yake ya sombe, majani ya muhogo. Tulipoanza mulima nikakanyaga, na gari ikatetemeka mpaka Maman Noëlla akaanza Salamu Maria kwa sauti. Wengine nyuma wakamuitikia. Mimi nikaanza kucheka peke yangu. Nilikuwa nimeelewa. Hii gari ikiwa tupu haigonjwi, inagonjwa ikibeba watu mu mulima, na kila mara ilitetemeka nilikuwa nimebeba watu. Na hawa wanaume wote, kitu ya kwanza wanafanya ni kutoa watu!

Sikuwafikisha wamaman kwao. Niligeuza, nikateremuka nao mpaka Kadutu, wananilalamikia njia yote juu ya watoto hawajala. Fundi Bisimwa akatoka, akafungua mulango, akasema, "Bamaman, mushuke kwanza."

"Hatushuki!"

Wote pamoja, sauti moja kama mu misa. Aliingia yeye, akajipenyeza kando ya Maman Noëlla, sombe ku magoti. Volan, ule usukani, nilishika mimi. Katikati ya mulima nikakanyaga mpaka mwisho, na nikamuona anakamata kikapo kwa mikono miwili.

Akasema neno moja tu: kardani.

Kardani ni kile chuma yenye inatoka ku moteri inaenda kuzungusha gurudumu. Kichwa yake ya ndani ilikuwa imekulika, inacheza sawa jino ya muzee. Ijumaa akatia ingine, ya okazo, imekwisha kutumika, lakini nzima, na tukarudi mu mulima na wamaman walewale, juu mimi kupima tupu sikubali tena. Kimya. Hata kikombe ya maji haingemwangika. Pardon, lakini, haikutoka mu kinywa yake. Nikilipa, namusikia anaelezea mutu mwingine vile yeye alivyoivumbua.

Basi leo nikaenda Katana. Tukamulaza maman ku kiti ya mbele, muto chini ya kiuno, na nikaanza kurudi na roho juu. Nilikuwa naogopa kukanyaga. Ku Kavumu pikipiki zote zikatupita. Ku Miti kamyo ya mucanga ikatupita, convoyeur, kijana wa kuchunga mizigo, akatupungia mukono kama tumeharibikiwa. Maman alikaza macho mbele. Nikafikiri anaumia.

Mbele ya Mudaka, mu kile kilima, nikamuuliza: Maman, unasikia mubaya?

"Nasikia mubaya, ndiyo," akasema. "Nimelala kwa watu mpaka nimechoka. Nsimire, kanyaga basi, nifike kwangu!"

Nikakanyaga.

Tukaipita ile kamyo. Maman, na yeye, akapungia convoyeur mukono.

Sasa analala mu chumba yake, mulango wazi, namusikia anakoroma mpaka hapa ninapoandika. Shemeki, tonton, Fundi Bisimwa, sijawasamehe hata mumoja. Kesho, nikitoka misa, nitawakasirikia vizuri. Leo maman iko ku nyumba.