Tulifumba Macho, Baba
(Kumbukumbu ya Mchungaji Zefania Mudzengi)

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, Baba, na bado hatujui tukulilie wapi.

Mimbarani ulikuwa mkali, mezani mpole. Uliuombea ugali wetu wa sadza mpaka ukapoa. Mama akikohoa, ulisema, "Amina. Nimekusikia, Mai Tapfuma."

Siasa ilipokuvaa, kanzu ya uchungaji hukuivua. Wazungu walipopiga marufuku mikutano, uliwaambia watu, "Tufumbe macho, tuombe." Uliomba kidogo, kisha ukapenya kwenye mahindi. Askari waliokuja kukukamata, watoto wa misheni nao, walifumba. Mkubwa wao akawaka, "Mlikuwa wapi mtu akiondoka?" "Tulikuwa kwenye sala, bwana." Kijiji kizima cha Nyanyadzi kilicheka.

Uhuru ulipokuja, hata uwaziri haukukubadilisha. Jumamosi ulirudi kumwagilia nyanya zako. Ulituambia, "Nikifa, nilazeni kando ya mama yangu. Mjini sina mtu."

Wakubwa wa chama walipoufuata mwili, Mama aliwaambia, "Huyu ameomba alale kwao." Wakamjibu kwa heshima zote, "Mama, huyu sasa ni wa taifa." Tungefanya nini? Mwenye nguvu mpishe.

Basi dada yako, shangazi yetu Tete Ratidzo, alichota udongo kwenye kaburi la mama yenu, akaufunga kwenye pindo la kitambaa. Alisema, "Kama haendi kwa mama, mama atamfuata." Unaijua ada yetu: kila ndugu humtupia marehemu udongo kwa mkono wake, ndipo awe amezikwa na watu wake.

Kule kilimani, kwenye makaburi ya mashujaa, mchungaji wa jeshi akasema, "Tufumbe macho." Tulifumba, Baba, kama ulivyotulea. Sala ikawa ndefu. Tulipofumbua, jeneza lilikuwa limeshashuka na bamba la saruji juu yake. Tete alibaki ameshikilia pindo lake la udongo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekutupia udongo.

Tumerudi pale mara nyingi. Langoni wanatuambia tukaombe kibali, na kibali hakitoki. Udongo bado umo kitambaani. Tete anatuuliza, "Sasa nimpe nani?" Inatuuma, Baba, wala hatujui la kufanya.

Wanaokulilia: mkeo Mai Tapfuma, dada yako Ratidzo, wanao Tapfuma, Chenesai na Munetsi, wajukuu, na majirani wa Nyanyadzi.

Hatutakusahau kamwe. Siku hizi, mezani kwako, tunaomba macho wazi.