Masikio ya Tata

Jumapili, jioni. Mvua imeanza saa nane mchana na bado haijakatika vizuri. Nguo hazijakauka, kuni zimelowa, na chai yangu imepoa sijaigusa.

Jioni kama hii, baada ya mvua kama hii, kwetu hapa ilikuwa huwezi kuongea barazani bila kupaza sauti. Vyura wa kule chini kwenye nduma, yale majimbi yetu ya kando ya kijito, walikuwa wanapiga kelele mpaka mgeni anaaga mapema. Jirani yetu alizoea kututania kwamba sisi tunafuga vyura, ng'ombe ni wa kusingizia tu.

Leo nasikia mvua peke yake.

Siku kumi na sita nimelizunguka jambo hili bila kuliandika. Wacha niliandike.

Tata ni baba yangu. Ndivyo tunavyowaita baba zetu huku Nyamira. Presha ya macho ilimla jicho moja kisha la pili, na sasa ni mwaka wa nne haoni hata mwanga wa mlango. Mimi nilirudi nyumbani miaka mitatu iliyopita na mifuko miwili, baada ya ndoa yangu kuvunjika. Kaka zangu walitaka kujua nitakaa hadi lini. Tata alisema tu kwamba ng'ombe wanahitaji mtu mwenye mikono ya upole. Hakuniuliza kitu kingine, na mimi sijasahau.

Ng'ombe ni watatu: Bosi, binti yake, na mtamba mmoja ambaye bado hana jina. Asubuhi nakata nyasi za nepia, nawalisha, nakamua, napeleka maziwa barabarani. Jioni naketi karibu na Tata namweleza nilichoona. Sauti anazo mwenyewe. Wale ndege kwarara wakipita alfajiri huku wakipayuka, anajua wanaelekea Ikonge au wanatoka. Mimi namletea ya macho. Kinyonga kwenye jani la nepia, nilivyolirudisha jani polepole lisimwangushe. Nguchiro aliyekatiza mbele ya banda akiwa na yai mdomoni. Yangeyange aliyesimama mgongoni kwa Bosi, na Bosi hana habari. Yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, anayetembea kwenye nduma akiwavizia vyura kwa miguu ya taratibu.

Tata hakubali habari ya juu juu. Nguchiro aligeuka nyuma? Yai lilikuwa la kuku yupi? Kwa sababu yake nimejifunza kutazama. Kabla ya hapo nilikuwa napita tu.

Sasa ile Ijumaa.

Msimu uliopita tulipoteza ndama kwa ugonjwa wa kupe. Nilimkuta asubuhi amelala, shingo imevimba, anapumua kwa shida, na kufikia jioni hakuwepo. Tangu hapo naogopa kupe kuliko wezi. Ijumaa ile nilimkuta Bosi na kupe masikioni ingawa nilikuwa nimempulizia dawa wiki hiyo hiyo, nikaingiwa na wazimu. Nikachanganya dawa mara mbili ya kipimo. Nikapulizia wote watatu hadi wakakohoa.

Sisi ni Wasabato. Ijumaa jua likitua, kazi iwe imekwisha. Dawa inayobaki huwa naimwaga kwenye shimo kule juu, ng'ambo ya shamba la majani chai, kisha nasuuza pampu huko huko kwa maji niliyobeba. Ijumaa ile jua lilikuwa tayari limeshika miti ya mikaratusi, maji ya moto ya Tata hayajawekwa, nguo za kanisa hazijapigwa pasi. Kijito kilikuwa karibu. Nikashuka na pampu mgongoni, nikamwaga dawa iliyobaki pale pale maji yanapotulia katikati ya nduma, nikasuuza pampu, nikasuuza na mikono. Nikapanda mlima mbio ili Sabato isinikute nikifanya kazi.

Sabato haikunikuta nikifanya kazi. Ndilo nililojali.

Asubuhi nilishuka kutazama kamba ya mtamba niliyokuwa nimeisahau, tayari nimevaa gauni la kanisani. Vyura walikuwa wameelea, matumbo juu, meupe. Wengine walikuwa wamefika hadi kwenye nyasi kabla ya kushindwa. Kaa wadogo wa mtoni pia, miguu imekunjwa. Nilivua viatu, nikawaokota kwa jani la mgomba, nikawafukia kwenye tope kwa mikono yangu. Nilijiambia nafukia ili kuku wasije wakala. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu aone. Kisha nikanawa na kwenda kanisani, nikaimba.

Jioni hiyo Tata aligeuza kichwa huku na huku barazani.

"Moraa, mbona vyura hawalii?"

Ningesema wakati ule, ingekuwa aibu ya siku moja. Lakini niliwaza sauti yake itakavyobadilika, nikawaza kaka zangu watakavyosema huyu amerudi kutumalizia shamba. Mdomo ukatangulia.

"Wanalia, Tata. Labda ni upepo."

Nikadhani yamepita.

Yale ambayo yamenifanya nisilale vizuri yalianza taratibu. Kesho yake nilimkuta akisugua vidole karibu na sikio la kushoto, kisha la kulia. Akaanza kupandisha redio hadi sauti ya juu, nami nikadhani ni kwa sababu betri zimechoka, nikanunua nyingine. Akaniambia nikae upande wa kulia ninapozungumza naye, eti upande huo uko afadhali. Kila jioni aliuliza kwa unyonge zaidi kama wanalia, na kila jioni nilisema ndiyo, kwa sababu nilikuwa nimeshasema ndiyo jana. Jioni moja hakuuliza tena.

Jana kanisani, wakati wa maombi maalum, Tata alisimama. Si kawaida yake. Yeye ni mtu wa kuombea wengine. Alishika mgongo wa benchi la mbele na kuliambia kanisa zima kwamba macho aliyatoa bila kinyongo, lakini sasa Mungu ameanza kuchukua masikio, akianza na sauti za mbali, na anaomba ndugu wamsaidie kuomba abakiziwe kidogo. Akina mama walianza kufuta machozi. Mzee wa kanisa akaja akamwekea mikono kichwani, mkono mmoja juu ya kila sikio. Nilikuwa nimekaa pale pale, bega langu likigusa koti lake.

Wote wakasema Amina.

Nami nikasema Amina.

Leo mchana mvua ilipoanza, alinyoosha shingo kuelekea bondeni, akangoja kwa muda mrefu sana. Nilikuwa namenya ndizi na nikaacha kumenya. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu anayetaka usimwonee huruma, akaniambia: "Basi sasa utakuwa unaniambia na ya sauti pia. Leo wanalia vipi? Wale wadogo wapo?"

Nilishindwa.

Nilimwambia yote. Dawa niliyozidisha, jua lililokuwa linatua, pampu, jani la mgomba, gauni la kanisani. Nilimwambia nimemdanganya kila jioni na nimemdanganya mbele ya madhabahu. Sikujitetea, nashukuru kwa hilo tu.

Kitu cha kwanza alichofanya, alicheka.

"Kwa hiyo masikio ni mazima?"

"Ni mazima, Tata."

Alipiga paja lake, akacheka tena, akasugua vidole karibu na sikio na kuvisikiliza kama anayejaribu saa mpya. Sijamwona hivyo tangu mama alipokuwa hai. Kwa dakika moja, Mungu anisamehe, nilifikiri nimesamehewa.

Kisha mkono ukasimama hewani. Uso wake ukaanza kuelewa sehemu ya pili.

"Wote?"

"Wote niliowaona."

"Na ng'ombe wananywa wapi?"

Nikamwambia nawatekea maji ya mfereji, yale ya bomba. Aliitikia kwa kichwa. Tulisikiliza mvua kwenye mabati, na sasa alikuwa anajua anachosikiliza. Sikuthubutu kumshika mkono. Alipozungumza hakuwa na hasira, na ningelipa chochote awe na hasira.

"Afadhali yangekuwa masikio."

Akaomba fimbo yake, akaingia ndani akipapasa ukuta.

Nimebaki barazani na ndizi nusu zimemenywa, zimeanza kuwa nyeusi. Bosi analia bandani; saa ya kukamua imepita. Nitaenda. Kesho nitauliza kwa mtu wa mifugo kama maji yale yatapona na kama kuna chura anayeweza kurudi mahali kama pale. Naogopa jibu, lakini nitauliza.

Na Sabato ijayo nitasimama mimi. Nitashika benchi la mbele niwaambie waache kuombea masikio ya Tata, hayana kasoro. Watataka kujua basi waombee nini. Hapo ndipo sijui nitasema nini.