Swali la Siri la Mama Anwari

KITUO CHA POLISI, RUMONGE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Batuli binti Athumani
Umri: miaka 41
Kazi: kuanika na kuuza ndagala (dagaa)
Makazi: mtaa wa Waswahili, Rumonge mjini
Tarehe: Ijumaa, 12 Septemba 2003, saa tatu asubuhi
Anayeandika: Ofisa Bigirindavyi

Mimi ni Batuli binti Athumani. Afande ameniuliza jina mara mbili, kwa sababu yeye mwenyewe, kama watu wote wa hapa, ananijua kwa jina la Mama Anwari. Anwari ni mwanangu wa kwanza, ana miaka kumi na tisa. Baada yake nina Fahima, wa miaka kumi na mmoja. Nimekuja kueleza jinsi Anwari alivyoitwa kutoka Tanzania kwa jina langu, na mimi sikumwita. Mpaka sasa hivi sijui yuko wapi. Ana pumu, na dawa yake iko hapa mkononi mwangu. Naomba afande aandike haraka.

Mnamo tarehe 14 Januari mwaka huu mume wangu, Mustafa, alipanda basi dogo kwenda Bujumbura pamoja na Anwari. Karibu na Kabezi gari lilisimamishwa na watu wenye bunduki. Mume wangu aliuawa palepale barabarani. Anwari alikimbilia kwenye migomba akasalimika. Aliporudi aliniambia amemtambua mmoja wao kwa sauti, ni mtu wa hapa Rumonge. Nilimuuliza ni nani. Akasema, "Mama, siwezi kukwambia. Utakutana naye sokoni, na uso wako haufichi kitu." Ni kweli, uso wangu haufichi kitu. Alisema atamtaja mbele ya jaji tu. Bahati mbaya aliyasema hayo matangani, watu wakisikia, na kesho yake mji mzima ulikuwa na habari.

Kabla ya arobaini, watu wawili nisiowajua walikuja nyumbani kumuulizia. Alfajiri iliyofuata nilimpandisha Anwari kwenye mtumbwi wa wafanyabiashara, akavuka kwenda Kigoma, na kutoka huko akaingia kambi ya wakimbizi.

Mwezi wa Juni Lukeba aliniletea salamu zake. Lukeba ni kijana Mkongomani wa mji wa Baraka. Anauza vitenge huku kwetu na kule kambini, na kwa Anwari amekuwa kama ndugu. Aliniambia kwamba kambini watu wanaandikiana kwa kompyuta, Anwari ameshafungua sanduku lake la barua humo, na anataka na mimi nifungue langu. Alisema, "Mama, barua ya mukono kila mutu anaisoma njiani. Hii ya mashini ni weye na yeye tu."

Mnamo tarehe 17 Juni, saa nne asubuhi, nilikwenda kwa Consolée. Consolée ana sekretaria karibu na soko, anawapigia watu barua kwa mashine na kutoa fotokopi. Kompyuta yake ndiyo pekee ninayoijua hapa mjini ambayo mtu wa kawaida anaweza kuitumia kwa barua. Kwenye benchi walikuwepo watu wakingoja zamu. Mmoja wao ni Olivier, anayekodisha boti na injini pale ufukweni. Wengine siwakumbuki.

Consolée aliniandikia anwani mpya, akanisomea kwa sauti, herufi moja moja, mara kadhaa, mpaka nikaikariri. Kisha akasema sasa niweke neno la siri. Alisema, "Mama Anwari, hili usimwambie mutu. Hata miye sitaki kulijua. Andika, nageuka." Akageuka kweli, akatazama ukuta. Niliandika kwa kidole kimoja neno ambalo marehemu mume wangu aliniambia siku ya harusi yetu. Nilichukua muda, mpaka watu wa benchi wakaanza kuguna. Neno hilo sijamwambia mtu yeyote na hata leo silisemi.

Nikadhani tumemaliza. Consolée akasema bado. "Iko swali. Ukisahau mot de passe, lile neno la siri, mashini itakuuliza hilo swali. Ukijibu vizuri inakufungulia. Inataka kitu weye tu unakijua." Maswali yalikuwa ya Kifaransa, akawa ananitafsiria kwa sauti. Kwanza mashine ilitaka jina la mbwa wangu. Nilimwambia, "Consolée, umeona lini mbwa nyumbani kwangu?" Benchi zima likacheka. Kisha ikataka shule niliyosoma. Mimi nilisoma chuo cha Kurani, uani kwa mwalimu, na ua ule haukuwa na jina. Kisha ikataka jina la mama yangu. Mama yangu ni marehemu, na kwetu jina la mzazi halitajwi ovyo, sembuse kupewa mashine. Kisha ikauliza jina la mtoto wangu wa kwanza. Hapo nilifurahi. Nikasema, "Hilo ndilo." Nikaandika mwenyewe, na Consolée akanipongeza.

Kuanzia hapo mimi na Anwari tuliandikiana kila Jumanne, umeme ukiwepo. Yeye alinieleza habari za maharage ya kambini, na kwamba hospitali ya huko inampa dawa ya kupuliza. Mimi nilimweleza habari za Fahima, na katika kila barua nilimkataza kurudi. Barua zangu zote zilimalizika kwa neno moja, Mama. Jumanne ya tarehe 2 Septemba sikwenda kuandika kwa sababu Fahima alikuwa na malaria. Iliyofuata nayo sikwenda, kwa sababu hiyohiyo.

Juzi, Jumatano tarehe 10, baada ya swala ya adhuhuri, nilikuwa ufukweni nageuza ndagala. Lukeba alishuka kwenye mtumbwi akaja moja kwa moja mpaka nilipo. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni. Akasema, "Mama, umepona?" Nikamwambia sijaugua. Akasema, "Anwari iko wapi?" Nikamwambia, "Si umemwacha huko?" Lukeba akakaa chini mchangani.

Alinieleza kwamba Alhamisi tarehe 4 Anwari alipata barua kutoka kwenye anwani yangu. Barua ilisema niko mahututi, natakiwa kupasuliwa tumbo, na nataka nimwone kabla sijaingizwa. Ilimwambia ashukie Kabonga, asifike Rumonge, na kwamba watu wangu watampokea hapo. Anwari aliondoka bila kumuaga mtu na akasahau dawa yake chini ya mto. Lukeba aliikuta hapo, akavuka ziwa kumletea.

Kwa kuwa Anwari alimwonyesha Lukeba barua hiyo siku alipoipata, nilimuuliza iliishaje. Alisema, "Uliandika: Wako, Mama Anwari." Mama Anwari ni jina ninaloitwa na watu. Mwanangu haniiti hivyo, na mimi sijawahi kujiita hivyo kwake. Yeyote aliyeandika vile ni mtu aliyezoea kunisalimia kwa jina hilo. Anwari alikuwa ameshaambiwa mama yake anakufa, hakuwa na macho ya kuona hayo. Simlaumu.

Tulikimbia mpaka kwa Consolée, mimi na mikono yangu ya samaki. Niliandika neno la siri, mashine ikakataa. Nikadhani kidole kimekosea, nikarudia tena na tena. Consolée akasema, "Wamebadilisha. Iko mutu amejibu swali lako." Akaniuliza nani mwingine analijua jina la mtoto wangu wa kwanza. Nikamuuliza, "Consolée, weye unaniita nani?" Alifungua mdomo anijibu, kisha akauziba kwa mkono. Akaanza kulia. Na mimi nililia. Neno la mume wangu nililificha mpaka kwa mtu aliyenigeuzia mgongo, na jibu la swali lilikuwa linapigiwa kelele sokoni kila siku, watu wakiniita nije nipokee samaki.

Consolée aliniambia kwamba Jumatano tarehe 3, Olivier alikuja akakodi kompyuta peke yake. Alisema anaulizia vipuri vya injini. Alikaa mpaka umeme ulipokatika. Consolée hakuona alichoandika, kwa sababu ana kawaida ya kumgeuzia mgongo kila mteja.

Jana, Alhamisi, askari walipofungua barabara, ambayo hufungwa usiku, nilipanda gari la kwanza kwenda Kabonga. Huko yupo Biasha, mwanamke tunayeuziana samaki. Alisema alimwona Anwari akishuka kwenye mtumbwi Jumatatu tarehe 8 asubuhi, akamjua kwa kufanana na baba yake. Maneno yake ni haya: "Alikuwa anahema vibaya. Batu wawili bakamupokea na boti ya moteri. Akabauliza, mama iko hospitali gani? Bakasema, panda tu, tutakufikisha." Boti ilielekea kaskazini. Biasha aliikumbuka kwa sababu kifuniko cha injini ni cha kijani na kimefungwa kwa waya.

Nikirudi niliteremka Kigwena. Watu wanaokata chikichi waliniambia kwamba Jumatatu mchana boti ya injini ilisimama upande wa msitu, kisha ikaondoka. Walisema mpaka jioni walisikia mtu akikohoa ndani ya miti, na waliogopa kwenda kuangalia. Sikuwagombeza, maana siku hizi kila mtu anaogopa. Niliingia msituni peke yangu nikaita jina lake. Niliita mpaka sauti ikakauka. Sikusikia kikohozi wala kitu. Askari wakaja wakaniambia muda wa kufunga barabara umefika, wakanipandisha kwenye gari. Niliwaomba wanisaidie kutafuta, wakasema wao wana amri ya barabara tu, niende polisi.

Nilipofika Rumonge jana jioni nilipita ufukweni. Boti yenye kifuniko cha kijani kilichofungwa kwa waya imefungwa mahali pa Olivier, na iko pale mpaka sasa. Olivier mwenyewe alikuwepo. Alinisalimia kwa upole, "Amahoro, Mama Anwari," akaniuliza habari za mtoto. Nikapita zangu. Afande, mimi sisemi Olivier ndiye. Nasema niliyoyaona na niliyoambiwa. Lakini alinitazama usoni, na nimeshasema uso wangu haufichi kitu. Atakuwa ameelewa kwamba najua. Ndiyo maana naomba mwende leo, asubuhi hii hii, kabla hajatuma mtu kurudi Kigwena. Kama mna uhaba wa gari, mimi nitatembea mbele na mnifuate kwa miguu.

Kabla sijaja hapa Consolée amenifungulia sanduku jingine la barua. Safari hii aliwatoa watu nje, akafunga mlango, na hakusoma kitu kwa sauti. Swali nimelitunga mwenyewe. Linahusu siku Anwari alipobanwa na kifua kwa mara ya kwanza, akiwa mdogo, na kitu alichoniomba usiku ule. Jibu tunalo sisi wawili. Nimemwandikia kwamba hii ndiyo anwani yangu ya kweli, ingawa najua hana pa kuisomea. Kama mtu atakuja kusema anaye mwanangu, nitamuuliza swali hilo. Akirudi na jibu, nitajua Anwari bado anapumua.

Afande ameniomba nitaje jibu ili nalo liandikwe hapa. Nimekataa. Namwomba asinifikirie vibaya, ni mtu mzuri na mama yake namjua. Lakini silitoi tena kwa mtu.

Afande pia alitaka kuiweka dawa kwenye bahasha ya vielelezo. Nimemwambia hiyo si kielelezo, ni dawa ya mtoto. Atakayekwenda Kigwena aiweke mfukoni. Akimkuta, aitikise kwanza, amkalishe, asimlaze, na Anwari avute mara mbili.

La mwisho. Tangu jana majirani wameanza kuniita Mama Fahima. Walikuja nyumbani na mikeka na sahani zao za wali, wakakaa, na mmoja baada ya mwingine wakaniita hivyo, sauti chini. Wanadhani wananihurumia. Nimeirudisha mikeka na sahani zao, nikawaambia hapa hapana matanga.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Nimeyasema mwenyewe bila kushurutishwa, na muda wa kuongeza mengine sina.

Sahihi ya shahidi: Mama Anwari

Maelezo ya ofisa: Shahidi amezungumza Kiswahili nami nimeandika kwa Kiswahili. Nimemsomea yote, amekubali ni sahihi. Boti iliyotajwa imezuiwa ufukweni saa tano kasorobo. Olivier hajapatikana, kwake pamefungwa. Askari wanne wameondoka kwenda Kigwena saa tano, na shahidi amepanda gari pamoja nao, sikuweza kumzuia. Dawa anayo kaporali wao, mfukoni. Kabla hajaondoka nilimweleza shahidi kwamba sahihi inatakiwa iwe jina lake kama lilivyoandikwa juu. Alikataa kuibadilisha. Nimeiacha kama ilivyo.

Bigirindavyi