Tope la Kamsamba

Kamsamba, 9 Februari 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Huku sisi wazima, ila joto halitupi nafasi.

Simu yangu hupokei, kwa hiyo kaka Felix wa mjomba, yule wa Tunduma, atakuletea bahasha hii. Nimekuchorea kwa rangi za maji ukingo wa mto Momba, pale ng'ombe wanaposhukia kunywa. Ni tope na nyayo zilizojaa maji, basi. Wapitao hapo hutazama ng'ombe tu. Nilitaka uone ninapoishi tangu niolewe na Ngusa.

Mwanao,
Alinanuswe

Mbebe, 2 Aprili 2023

Alinanuswe,

Marahaba. Mimi mzima, mguu unanifikisha kanisani.

Picha nimeiona. Ni tope. Hapa ulikuwa na vilima, na ukungu wa asubuhi, na mama. Ukoo ulikoolewa huhama na ng'ombe wao. Mwakani utaniandikia kutoka wapi? Usinitumie tena matope.

Mama yako

Kamsamba, 20 Novemba 2023

Mama,

Shikamoo. Natumaini mmeanza kupanda na afya ni njema.

Ulisema kweli, mashemeji wamehama kufuata malisho. Ngusa amebaki. Alimwambia kaka yake, "Mke wangu anafundisha shule ya hapa. Nitalima mpunga."

Usinikasirikie, nimechora tena. Haya ni majani yaliyoungua kando ya njia ya shule, na chini yake yanachipua mengine. Nilipokuwa nachora nikageuka kukuita uje utazame. Nikakaa hivyo kitambo, brashi ikanikaukia mkononi.

Nina mimba. Nitajifungua mvua zikikolea.

Mwanao

Kamsamba, 11 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Hukujibu, naandika hivyo hivyo.

Tumepata mtoto wa kike, mzima kabisa. Mto umefurika na barabara imekatika, sijui barua hii itafika lini. Sina picha, mikono haina nafasi. Nikimbembeleza naisikia sauti yako ikitoka kinywani mwangu. Nimekukumbuka, mama.

Mwanao

Mbebe, 26 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hamjambo nyote watatu? Maziwa yanatosha? Unakula?

Sikukuandikia kwa sababu kila nilipoanza niligombana nawe kwenye karatasi, nikachana. Juzi nimefungua kisanduku cha rangi ulichoacha, nikaenda kuchora chemchemi ya nyuma ya zizi, pale yanapoota yale majani ya mviringo tusiyoyajua jina. Nakutumia, usicheke. Kijani kimevuja, jiwe linafanana na kiatu. Miaka yote hii nimechota maji pale bila kukaa. Safari hii nilikaa mpaka Felix akaja kunitafuta, akauliza, "Shangazi, umeanguka?" Nikamwambia natazama maji. Nikakuwaza wewe huko kwenye tope lako, peke yako, ukitaka mtu wa kumwonyesha.

Felix, atakayekuletea barua hii, anasema barabara inapitika. Nakuja Jumamosi ijayo. Mwambie Ngusa anipokee gari linaposimama, na aje na mkokoteni, maana pikipiki siiwezi. Aniite kwa sauti. Siku aliyokuja kwa posa sikumtazama usoni, nami sitaki kumpita bila kumjua.

Bibi wa mtoto