Yule Aliyeniita Bibi

Nyumbani kwenu,
Mlango wa bluu, nyuma ya duka la magodoro.
Jumanne, tarehe sita.

Mpendwa mjukuu wangu,

Salamu nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani pangu. Hujambo? Macho je? Unavaa ile miwani ya kuchomelea, au bado unafumba jicho moja ukidhani cheche zitakuhurumia? Sisi tu wazima. Magoti yangu hulalamika mvua ikikaribia, ila mdomo haujapata ugonjwa wowote.

Anayeandika ni fundi cherehani wa mlango wa pili, maana mimi na kalamu hatujuani. Nimemwambia ashone nilivyokata, asiongeze marinda.

Barua hii naituma karakanani kwenu, mkononi mwa msimamizi wako, kwa sababu simu yako siiamini tena.

Wiki iliyopita ulinitumia ujumbe. Au kuna mtu alinitumia, na hilo ndilo ninalotaka kujua. Picha yako, namba yako. Fundi akanisomea: "Bibi mpendwa, natumaini u mzima wa afya. Kuna programu mpya ya kukagua kadi za benki. Iingize kwenye simu, kisha ubandike kadi mgongoni mwa simu, nami nitaangalia kama iko salama."

Bibi mpendwa. Toka lini? Wewe tangu uote meno hujaniita Bibi. Una jina lako la kuniita, ambalo mama yako akilisikia anaziba uso. Nikapiga simu, hukupokea. Ukaandika: "Niko kazini Bibi, weka kadi kwanza." Mtu ana vidole vya kuandika, hana mdomo wa kusema?

Mama yako akasema, "Mama, sasa unashuku hata kivuli chako. Si picha yake hii?" Nikamwambia hata mbuzi hupigwa picha. Alikwisha kuiingiza hiyo programu, na kadi ya benki ya pensheni ya babu yako, ile inayogusishwa tu mashine ikalia, alikuwa nayo mkononi. Nikampokonya. Nikachukua kadi yake ya kufungulia milango kule hotelini anakofanya usafi, nikaibandika hiyo.

Simu ikatetemeka, ikajaa tarakimu. Fundi akasema, "Imesoma." Haya, mimi sikusoma, siku hizi kadi ndizo zinasoma. Sijakaa vizuri, ujumbe ukaingia: "Hii si ya benki, Bibi. Weka ile nyingine."

Mtu yuko huko mbali, anajuaje kilicho juu ya meza yangu? Fundi akasema kumbe hiyo programu inampelekea kila inachosoma, akaifuta, akaizima simu, nami nikaitia ndani ya sufuria nikafunika. Iko humo mpaka leo, tunapikia sufuria nyingine.

Kadi iko salama. Kinachoninyima usingizi si kadi. Kama simu yako iko mikononi mwa mtu, wewe uko mikononi mwa nani? Umeibiwa? Umepigwa? Umelazwa? Na kama ni wewe mwenyewe, dhiki imekubana mpaka ukamvizia aliyemzaa mama yako, njoo uso kwa uso. Nitakutukana vizuri, kisha nitakupakulia.

Kwa hiyo usiniandikie. Azima simu ya msimamizi umpigie fundi, namba yake iko nyuma ya bahasha. Neno la kwanza liwe lile jina. Ukisema "Bibi", nakata.

Na wewe mwingine, kama umefungua barua isiyo yako: huyu mtoto ana watu.

Mama yako anakusalimu, kila simu ya fundi ikilia anatoka jikoni na mikono yenye povu. Dada yako anataka shati lake ulilochukua. Mjomba wako Kipara anakusalimu pia. Bado anapaka ile dawa ya kuotesha nywele, na bado zinamgomea.

Mungu akufunike kama kuku anavyofunika vifaranga, popote ulipo, hata kama hupataki.

Lile jina unaloniita sikuliandikisha. Fundi mwenyewe halijui, ameacha mahali patupu. Pajaze wewe, kwa mdomo wako.

Wako akupendaye,

.........................